Glissement ya Prézida Barthélemy

Ufa wenyewe haukuwa siri ya mtu. Ulianzia nyuma ya shamba la mihogo la muzee Ezéchiel, ukavuka njia ya kisimani, ukazunguka kilima chote cha Nyakashozi, na mahali pengine mtu mzima aliweza kuingiza mkono mpaka begani asiguse chini. Mbuzi waliuruka na watoto waliuruka. Mwezi wa saba kuku mmoja alitumbukia humo akasikika kwa siku mbili, kisha hakusikika tena. Na chini ya ufa huo, hatua themanini kwa kuteremka, ndipo yalipojengwa madarasa mawili ya mwisho ya shule ya msingi, la tano na la sita, kwa sababu bwana aliyepima kiwanja enzi hizo alipenda mahali penye kuonekana ziwa.

Adélaïde, mkuu wa shule hiyo, ziwa alikuwa ameliona vya kutosha. Yeye aliangalia juu. Kila Jumatatu alipanda kilimani na kamba, akapima upana wa ufa, akapiga fundo. Mwezi wa sita ufa ulikuwa wa shubiri moja. Shule zilipofunguliwa mwezi wa tisa ulikuwa wa shubiri tatu, na mvua zenyewe, zile za mwezi wa kumi na wa kumi na moja zinazoshuka bila kupumzika, zilikuwa bado njiani. Katika madarasa yale mawili walikaa watoto tisini na wanne. Alimwandikia mkaguzi kuomba ruhusa ya kuwahamisha. Mkaguzi akamjibu kwa barua ya mihuri miwili kwamba darasa halifungwi kwa ajili ya hofu ya mtu mmoja, hufungwa kwa karatasi ya wataalamu, na kwamba mkuu atakayefunga bila karatasi atahesabiwa ameacha kazi. Na hata kama angefunga, angewapeleka wapi? Kanisa lisingetosha hata nusu yao. Kijijini palikuwa na paa moja tu la kutosha watoto wote hao, na paa hilo lilikuwa la mkubwa wa kijiji, Prézida.

Basi iliposikika kwamba shirika moja lenye ofisi yake Muhumba, kule mjini Bukavu, linapita katika vijiji vya Kabare kupima hatari za maafa ya asili, Adélaïde alimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya walimu wenzake. Laiti angengoja kwanza akaona.

Mtaalamu aliyekuja aliitwa Guy. Alikuwa kijana wa Bukavu, mwenye adabu, mwenye kizibao cha mifuko kumi na mmoja, na katika mifuko yote hiyo hamkuwa na kitu cha kupimia chochote. Alikuwa na tableti. Alikuwa pia na vijiji ishirini na saba vya kumaliza kwa siku sita, kwa hiyo kupanda vilima halikuwa jambo la kuzungumza. Na wala hapakuwa na haja, alieleza, kwa kuwa kazi yao ilifuata njia shirikishi: tableti inauliza watu, na watu ndio wanaojua. Alikaa kwenye benchi mbele ya kanisa, akakipa kilima mgongo ili jua lisimzuie kusoma kioo, akaomba watu wakusanyike.

Aliyewakusanya ni Barthélemy, prezidenti wa komite ya maendeleo, ambaye kijiji kizima kilimwita Prézida, wengine kwa heshima na wengine kwa makusudi. Alichaguliwa miaka tisa iliyopita kwa muda wa miaka miwili. Miwili ilipokwisha, uchaguzi uliahirishwa kwa sababu ya mvua. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya kukosa mvua. Halafu kwa sababu sanduku la kura lilikuwa limewekwa maharage. Katikati ya hayo yote kijiji kilipewa mabati sitini ya kuezekea shule. Prézida akasema atayatunza. Na aliyatunza kweli, juu ya hanga yake, lile banda kubwa la ng'ambo ya barabara, kwa kuyapigilia misumari.

Sasa kuna neno moja ambalo bila hilo kisa hiki hakina miguu. Mtaalamu wa udongo akitaka kusema kilima kimemeguka kikaserereka, kwa Kifaransa chake husema glissement. Lakini Nyakashozi hakuna aliyewahi kusikia neno hilo likisemwa juu ya udongo. Wao walilipata redioni, miaka ile uchaguzi wa nchi ulipokuwa ukisogezwa mbele na kusogezwa tena, na kila mtangazaji wa Bukavu alikuwa nalo mdomoni asubuhi na jioni. Wakajifunza kwamba glissement ni mkubwa kubaki kitini wakati muda wake umekwisha. Udongo ukianguka wao husema éboulement, au husema tu kwamba mulima inabomoka, na wanaelewana.

Guy akafungua ukurasa wa kwanza, akatabasamu, akauliza kwa sauti safi:

“Hapa kwenu glissement iko?”

Mama mmoja akajifunika mdomo kwa kitenge. Vichwa vyote vikageuka taratibu kumtazama Prézida, kisha vikageuka kutazama chini. Aliyejibu ni Ezéchiel, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye uzee ulikuwa umemwondolea woga na meno kwa wakati mmoja.

“Iko,” akasema.

“Tangu wakati gani?”

“Tangu miaka saba.”

Guy akaandika saba. Alifurahi, maana katika vijiji vingine watu walikuwa hawakumbuki tarehe.

“Inatembea mbio, ao polepole?”

“Haitembeye. Shida yake njo ile. Imekaa tu.”

Guy akakunja uso, akatafuta kwenye tableti, akapata mahali palipoandikwa ‘imetulia’, akagusa hapo. Akauliza imeharibu nini.

“Imekula manjanja ya masomo,” akasema Ezéchiel, na macho yake yakapanda polepole mpaka kwenye manjanja yenyewe, yale mabati ya shule yaliyokuwa yaking'aa juu ya hanga ng'ambo ya barabara.

“Na munafanyaka nini juu ya kuizuia?”

“Tunaombaka Mungu. Na tunangoja uchaguzi.”

Hapo watu walishindwa kujizuia. Walicheka mpaka watoto wachanga wakaamka migongoni. Guy naye akacheka kidogo kwa adabu, huku kidole chake kikitafuta uchaguzi katika orodha ya mbinu za kuzuia maporomoko. Palikuwa na kupanda miti, palikuwa na kuchimba mitaro, uchaguzi haukuwamo.

Prézida akasimama. Alikuwa mtu mnene asiyependa kusimama, na aliposimama watu walinyamaza kwa mazoea.

“Monsieur l'expert, uandike vizuri. Hapa kwetu glissement haiko. Haiyakuwa, na haitakuwa. Mutu mwenye anasema glissement iko, ule analeta politike mu mukutano ya maendeleo.”

Katika mkutano wote ule ni mtu mmoja tu aliyeelewa pande zote mbili, naye ni Adélaïde, kwa kuwa alikuwa anasomesha jiografia. Aliinuka akaeleza kwamba mgeni anauliza habari za udongo. Prézida hakutaka kusikia. Tangu siku mwanamke huyu alipomwuliza hadharani habari za mabati, yeye aliamini kila shari ya Nyakashozi hutoka katika meza yake ya ualimu, na mgeni aliyekuja na neno lile aliona dhahiri ametumwa. Akaagiza watu wasilitaje tena. Ndipo Adélaïde akamgeukia Guy, akamwambia aandike éboulement, maana hapa ndivyo wanavyoita. Guy akamwonyesha picha: kwenye tableti éboulement ni mawe yanayoporomoka. Je, hapa kuna mawe? Hakukuwa na mawe, palikuwa na udongo mwekundu tu, kwa hiyo akagusa hapana. Adélaïde akamwambia mulima inapasuka. Kupasuka hakukuwa na mahali pa kugusa. Mwisho akamwomba, tena kwa upole, ageuze shingo.

Guy akageuza shingo. Aliona kilima cha kijani, kizuri, chenye migomba. Akakipiga picha, na Prézida akawahi kuingia katikati yake.

Ikabaki sahihi ya mwakilishi wa wananchi, ambayo bila hiyo tableti haikubali kufunga ukurasa. Barthélemy akaiandika kwa kidole, kubwa, ikatoka nje ya kisanduku. Kioo kikafikiri kidogo, kisha kikatoa rangi ya kijani: Nyakashozi, hatari hafifu. Adélaïde alitamani kupiga mtu kofi, akakosa kujua aanze na nani.

Mvua za kwanza zilinyesha wiki ile. Jumatatu iliyofuata alipiga fundo la shubiri nne, akajifunga kitambaa, akateremka mjini.

Ofisi ya Muhumba ilikuwa nyumba nyeupe yenye bustani iliyokatwa vizuri, na ukutani palikuwa na ramani ya vijiji vyote. Nyakashozi ilikuwa ya kijani miongoni mwa wenzake. Guy alimpokea vizuri, akampa chai, akamwita Mama Directrice. Adélaïde akaweka kamba yake mezani, akamweleza fundo kwa fundo. Halafu akamweleza lile neno, kwamba kijijini lina maana gani na kwa nini mzee alisema wanangoja uchaguzi. Guy akaangua kicheko. Alicheka mpaka akavua miwani, akaenda mlango wa pili akamsimulia mwenzake Gisèle, na Gisèle naye akacheka, akasema lazima waliandike hilo katika mafunzo waliyoyapata.

Adélaïde alingoja wamalize, kama anavyongoja darasa linyamaze.

“Beko batoto tisini na ine,” akasema. “Beko chini ya ile mulima sasa hivi, beko nasoma.”

Kicheko kikakatika. Guy hakuwa mtu mbaya, na ukweli ni kwamba watu wabaya ni wachache kuliko madhara tunayoyaona. Akakaa, akaangalia kamba tena, safari hii kwa macho ya mtu aliyesomea kazi yake, akayahesabu mafundo mwenyewe. Alimweleza kwamba data za kijiji zilikwisha kuthibitishwa na yeye peke yake hawezi kuzifuta. Iliwezekana kusahihisha kwa fomu ya karatasi, kabla ya mwisho wa mwezi, na ikikubaliwa angemletea ile karatasi ya wataalamu mwenyewe. Sharti lilikuwa moja. Aliyesaini kwamba glissement haiko ndiye atakayesaini kwamba iko.

Adélaïde alirudi Nyakashozi na fomu ndani ya bahasha, akaenda moja kwa moja kwa Barthélemy, akamkuta anakula. Prézida alimkaribisha. Alisikiliza yote bila kumkatiza, akinyonya vidole, na ikadhihirika kwamba sasa anaelewa vizuri sana kwamba ni habari za udongo. Pengine alikwisha kuelewa siku ile ile, kabla hata ya kukaa.

Alisema kilima kinamhuzunisha yeye pia. Lakini naye Madame ajiweke mahali pake. Kijiji kizima kimemcheka mbele ya mgeni. Sasa achukue kalamu aandike kwa mkono wake kwamba glissement iko Nyakashozi? Karatasi hiyo itazunguka. Watasema Prézida mwenyewe ameungama. Hapana, kwanza lazima neno lile lisafishwe, watu wote wakubali hadharani kwamba yeye yuko pale kwa haki, kwa muda mpya, wa miaka mitano, maana miwili ni michache kwa mtu mwenye mipango. Baada ya hapo akisaini, kila mtu atajua ni udongo tu. Na hanga yake ipo, watoto wanaweza kukaa humo.

“Munipe mandat,” akasema, “na miye nitakupa mulima.”

Adélaïde alimchukia mtu huyu, na alijiruhusu kumchukia, kwa kuwa chuki hiyo aliijua yeye peke yake. Kisha akamwuliza mkutano uwe siku gani. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Siku tatu alipita nyumba kwa nyumba kumpigia kampeni mtu aliyeezekea hanga kwa mabati ya shule yake. Alisema Prézida ana uzoefu. Alisema Prézida anajulikana mpaka Muhumba. Vilemba vya ukoka alivyomvika wiki ile vingetosha kulisha ng'ombe wa Kabare nzima, na watu walimtazama kama mtu aliyerogwa, mpaka alipowaambia kwa kunong'ona sababu yake, wakaitikia kwa kichwa. Aliyekataa ni Ezéchiel. Mzee alisema amengoja miaka saba aone mtu huyu akishuka, na kama ni kufa atakufa anangoja. Adélaïde hakubishana naye. Alimshika mkono, wakapanda wote nyuma ya shamba lake la mihogo, akamwambia apige magoti atie mkono katika ufa. Mzee akatia mkono mpaka begani. Chini kulikuwa na baridi, na maji yalisikika yakipita. Alikuwa na wajukuu wawili, mmoja wa darasa la tano na mmoja wa la sita.

“Nitainua mukono,” akasema alipokwisha kujifuta. “Lakini nitainua wa kushoto.”

Jumapili baada ya misa uchaguzi ukafanyika, bila sanduku, kwa mikono. Mgombea alikuwa mmoja. Mikono yote ikainuka, na wa Ezéchiel ukiwa wa kushoto, na Adélaïde, kwa kuwa ndiye aliyejua kuandika haraka, akaandika kwamba hakuna aliyepinga. Prézida alishukuru kwa dakika arobaini. Kisha akaomba fomu na kalamu, na hapo, lazima nikubali, alifanya kazi nzuri. Alisaini kwamba glissement iko na hatari ni kubwa sana. Akaongeza kwa mkono wake ‘haraka’, akapiga mstari chini yake, akautazama, akapiga wa pili. Hakuna mtu anayependa kuhudumia wananchi kuliko mtu aliyetoka kupewa miaka mitano.

Guy naye alitimiza ahadi. Aliileta karatasi ya wataalamu mwenyewe, na mkaguzi alipoona mihuri mitatu, yaani mmoja zaidi ya yake, akaruhusu. Madawati yakabebwa. Watoto tisini na wanne wakaanza kusoma ndani ya hanga, chini ya mabati yao wenyewe, na Prézida akawa anapita kila asubuhi kuwauliza kama wanajisikia vizuri kwake.

Kilima kilishuka Alhamisi ya pili ya mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi, katikati ya somo la hesabu. Hakikupiga kelele kubwa. Kilivuta pumzi ndefu, kikaondoka na migomba yake imesimama, kikayajaza madarasa mawili mpaka juu ya madirisha, kisha kikatulia. Hakuna aliyekufa. Adélaïde alihesabu watoto mara tatu, halafu akaketi chini kwenye matope, mbele ya wanafunzi na wazazi, akalia, wala hakuona haya.

Wiki mbili baadaye shirika lilileta wageni, kitambaa kikubwa chenye maandishi, na mwandishi wa redio kutoka mjini. Ripoti ilikuwa imeandikwa upya, na Nyakashozi sasa ilikuwa mfano wa kuigwa: kijiji kilichotambua hatari yake chenyewe. Prézida alipewa cheti chenye fremu. Alieleza kwa kipaza sauti jinsi alivyouona ufa wa kwanza kabla ya wote, jinsi moyo wake ulivyokataa kutulia, na jinsi alivyofungua hanga yake kwa ajili ya watoto bila kuombwa. Guy alikuwa amesimama nyuma yake akiangalia viatu vyake. Ezéchiel alitema mate pembeni, lakini mbali na kitambaa.

Kisha mwandishi akamsogelea Adélaïde. Alitaka neno la mwalimu. Akamwuliza, kipaza sauti kikiwa karibu na midomo yake, ni nani aliyewaokoa watoto hawa. Watu wote walikuwa wakijua, na walikuwa wakimngoja, na wengine walikwisha kuanza kutabasamu, maana ulimi wake waliujua. Mbele yake alimwona Prézida na cheti chake kifuani. Nyuma ya Prézida aliiona hanga, na mlango wake, na kufuli lililoning'inia mlangoni, na shule haikuwa na paa lingine, na miaka mitano ilikuwa haijamaliza hata mwezi wa pili.

“Ni signature ya Prézida,” akasema. “Njo iliokoa batoto.”

Na kibaya zaidi ni kwamba neno hilo halikuwa na uongo ndani yake. Prézida aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyetendewa haki hatimaye. Akamwambia mwandishi kwamba upepo ulipita, huenda chombo hakikushika vizuri, Madame arudie kwa nguvu kidogo ili na watu wa Bukavu wasikie.

Adélaïde akarudia kwa nguvu. Aibu ilimchoma mpaka masikioni, na alijua kwamba angeombwa mara ya tatu angesema tena.